Jiko Lililonunuliwa kwa Kitanda

Bi Nyamvula aliinua mchi kwa mikono miwili, na Sikudhani akajua kwamba leo mama mkwe wake hatishi tu.

"Umeuza kitanda alichofia mwanangu, ukanunua udongo!"

"Ni jiko banifu, mama. Mkaa umepanda tena. Lile la bati lilikuwa linapasha moto ukuta, sisi tunalala njaa. Hili linaivisha maharage ya kuuza kwa konzi mbili tu za mkaa."

"Chande hajaoza kaburini, wewe unapima mkaa! Shetani mkubwa!"

Mchi ukashuka juu ya sufuria. Maharage yaliyokuwa yakichemka yakawamwagikia miguuni wote wawili, na hakuna aliyepiga kelele. Ukashuka tena, ukamega ukingo wa jiko. Kabla haujashuka mara ya tatu, Sikudhani alijitupa akalikumbatia jiko kwa kifua na mikono. Pigo likamkuta begani, na mfupa ukalia.

"Toka hapo, utaungua!" Bi Nyamvula alipiga ukelele, akamvuta kwa kanga mpaka ikachanika. "Unataka niwazike wawili?"

"Haliunguzi, mama," Sikudhani alisema huku damu ikimtoka mdomoni alipojing'ata. "Moto wote umo ndani. Shika mwenyewe."

Bi Nyamvula alipiga magoti kwenye maharage. Mkono mmoja haukuachia mchi. Wa pili aliupeleka polepole kwenye ubavu wa jiko, akaulaza pale, kama mtu anayempima homa mwanawe aliyelala.