Kipande cha Mwaka wa Thelathini na Moja

Siku hizo kila mtu, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa ilipofika, alisomewa kipande kimoja zaidi cha vinasaba vyake. Mafundi wa maabara walianzia kwenye kipande kinachojulikana, kisha wakapiga hatua hadi kile cha jirani, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Nyanjige alipotimiza miaka thelathini na mmoja, alirudi kutoka maabara na karatasi yake ya majibu, akamkuta mama yake barazani akichambua mchicha.

“Mama, kipande cha mwaka huu hakikutoka kwako wala kwa baba. Wanasema kiliandikwa na mtu.”

Mama hakuinua macho. “Nilikuzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili.”

“Najua. Lakini nani aliandika?”

“Nilikuwa nimeshazika watatu kabla yako, mwanangu. Daktari akaniambia wewe utaishi. Sikumuuliza atafanya nini.”

Nyanjige aliketi kando yake mkekani, akaanza kumsaidia. Mwanga wa alasiri ulielea juu ya majani kama maji. Tumboni, mtoto wake wa miezi saba alijigeuza taratibu. Akaweka kiganja pale, akiwaza ni maneno mangapi ya mtu asiyemjua yameshanakiliwa humo.