Baba wa Kiunoni

Wiki ya tamasha la sanaa, makumbusho ya jiji letu huhamia majumbani. Taa ya buluu ikiwaka juu ya kitu chako, basi kitu hicho ni sanaa ya umma, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa tena.

Kwetu iliwaka sebuleni, juu ya mchoro wa mkaa ambao mwanangu Zawena aliuchora ukutani. Michoro yake ya kuta nyingine nilikuwa nimeifuta. Huu niliuacha kusudi, baba yake akirudi kutoka machimboni auone. Zawena alinichora mimi, akajichora yeye, na baba yake akamchora kuanzia miguuni hadi kiunoni tu, usingizi ukamchukua.

"Hongera, Mama Zawena," alisema msichana wa makumbusho, akiufunika kwa kioo.

"Ahsante. Lakini mwache amalizie kichwa cha baba yake, mdogo wangu. Ni kidogo tu."

"Akimalizia utakuwa mchoro mwingine, dada. Watu wameupenda hivi hivi."

Kweli waliupenda. Walivua viatu mlangoni, wakajaa sebuleni, wakanong'onezana kuhusu miguu ile. Zawena alijikunyata chini ya meza, kipande cha mkaa mkononi.

"Kichwa chake kitakuja lini?" aliniuliza kila jioni.

"Baba anakuja nacho mwenyewe," nilimwambia, na niliamini hivyo.

Mume wangu Hemedi alifika Ijumaa, akapanga foleni pamoja na wageni. Alipoingia, Zawena alimtambua kwa miguu, akakimbia kumkumbatia magotini.

"Niangalie basi, mwanangu," Hemedi alisema akicheka.

Zawena akafumba macho. "Huko juu hairuhusiwi."