Pazia Lisilo na Kelele

Gracia hakuzitazama zile fimbo za mapazia, alizisikiliza. Aliinua moja, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha, akachukua nyingine.

Nyuma ya vitambaa vilivyoning'inia kwenye duka la jirani, wifi yake Micheline alibana pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akimfuata soko zima, na sasa miguu ilimwaka moto.

"Mama, chukua hii ya dhahabu," alisema papa Arthur, mwenye duka. "Si uliniambia viti yako iko rangi ya divai? Na meza iko na miguu ya dhahabu? Bon! Hii, na majani yake huku mwisho, salon itakuwa kama ya gavana."

Hapo papa Arthur hakusema uongo. Vile viti na ile meza alivinunua Josué, mume wa Gracia na mdogo wake Micheline, kabla jeshi halijampeleka vitani mashariki. Fimbo ya dhahabu ingependeza navyo mno.

Gracia akazisukuma pete za chuma juu ya fimbo. Kra, kra, kra. Akaziachia upesi kana kwamba zimemwunguza.

"Iko na kelele."

"Kelele? Mama, rido iko ya kuangalia, haiko ya kusikiliza!"

"Nipe ya muti, papa. Bila pete. Nitashona rido vile fimbo ipite ndani ya kitambaa."

Papa Arthur akamtolea fimbo nene ya mti, nyeusi, mbaya jamani, hata ya kufukuzia mbuzi ina sura kuliko hiyo. Gracia akaigonga kwa kidole, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Micheline akaliona tabasamu lile, moyo ukamchemka.

Mwanamke asiyetaka pazia lake lilie anamficha nani? Hebu jibu! Na si hilo tu. Nyumbani kwake, mtaani Tshopo, mapazia yalifungwa mchana kweupe. Alinunua nyembe za ndevu. Alipika liboke ya samaki, ile ya kufungwa kwenye majani, ya kushibisha watu wawili. Wake wengine wa askari walikwenda kambini kila wiki kuuliza habari za waume zao. Gracia aliacha kwenda. Na mtu akibisha, alitoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake, hata kama anayebisha ni wifi.

Micheline ndiye aliyembeba Josué mgongoni walipokuwa wadogo. Mpaka leo watu wote humwita Micheline kwa jina lake zima. Ni Josué peke yake anayemwita Yaya Miche, yaani dada Miche. Sasa mtoto huyo alale kwenye matope akipigania nchi, na hapa mwanaume mwingine akalie viti vyake vya rangi ya divai? Aa! Haiwezekani.

Micheline ana moyo mzuri, tusimwonee. Ila mdomo wake hauna mlango. Siri ukimpa asubuhi, jua likipanda iko sokoni, na avenue nzima inalijua hilo. Basi hakwenda kumwuliza Gracia. Alinyoosha mpaka kwenye kibanda chake cha chakula, kwa mteja wake wa kila siku, ajida Lionel wa polisi ya jeshi, aliyekuwa akimalizia pondu, kisamvu chake. Redio ilikuwa inazungumza juu ya askari waliotoroka vitani na kuhukumiwa kifo. Micheline akaipunguza ili shida yake isikike.

"Ajida, kuna mutu iko anaiba bibi ya askari. Bibi ya Josué wetu!"

"Ulimuona?"

"Nitamuona wapi? Hatoki inje hata siku moja. Anajificha mule mule ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu simu ya ndugu yangu ilikatika."

Ajida akaacha kutafuna. Akanawa mikono, akavaa kofia yake, akawaita askari wawili waliokuwa wakimngoja nje. Sahani aliiacha na chakula.

Micheline akafurahi, tena sana. Njiani alitembea mbele yao kama mama wa bibi harusi. "Mumushike vizuri," aliwaambia. "Donc, avenue yote ione!"

Walipofika, Gracia alikuwa ameshatundika pazia lake. Alisimama mlangoni, akaziona kofia za askari, na uso wote ukamkauka.

"Yaya, nakuomba. Kwa jina la Mungu, rudi nao."

"Uniombe mimi? Ungemuomba bwana yako!"

Akamsukuma, akaingia. Ndani kulikuwa giza. Nyuma ya meza yenye miguu ya dhahabu kitu kikasogea, na Micheline akasikia mtu akihema.

"Toka, mwizi wewe!" Akalikamata pazia kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote. Fimbo ya mti ikavunjika: paa!

Mtu yule akajitupa chini ya meza kifudifudi, mikono juu ya kichwa, akatetemeka mpaka vikombe vikagongana juu yake. Mwanga wa dirishani ukamwangukia mgongoni. Askari wakaingia, wakasimama pande zote mbili za meza.

"Yaya Miche," sauti ikasema kule chini, "ni wewe umewaleta?"