Saa Isiyo na Betri

Mbaruku alipoacha ufundi redio alijitengenezea saa. Namba zake nyekundu alizing'oa kwenye kikokotoo kibovu, na nyaya akazitoa matumboni mwa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Ilikwenda sawasawa, ila umeme ukikatika ilisahau kila kitu, na ukirudi ilianza upya kwenye sufuri. Hapo Mbaruku huchana nywele, akavuka uchochoro kwenda kumuuliza saa Bi Shamsa, jirani yake mjane.

"Fundi mzima, unashindwa kuitilia betri?" Bi Shamsa alimuuliza siku moja, akimsogezea kigoda.

"Hamna pa kuiweka," alisema Mbaruku. Mahali palikuwapo. Alipachonga mwenyewe, akapaacha wazi.

Kisha mji ukaletewa jenereta mpya, umeme ukaacha kukatika. Mbaruku akawa anashinda mbele ya saa yake, akiangalia dakika zinavyobadilika bila kosa. Asubuhi moja alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani. Namba zikazimika. Akachana nywele.

"Umeme umekatika tena," alisema mlangoni kwa Bi Shamsa. "Saa ngapi sasa?"

Nyuma ya Bi Shamsa feni ilikuwa inazunguka. Mbaruku aliiona. Bi Shamsa naye akageuka kuitazama, kisha akamtazama yeye na nywele zake zilizochanwa vizuri. Akapeleka mkono ukutani, akazima swichi.

"Kweli," alisema. "Hata kwangu."

Wakasimama, mmoja ndani, mmoja nje, feni ikipunguza mwendo.