Jina Lililotangulia

Redio ilipofika kwenye tangazo la dawa ya wadudu, mume wa profesa aliinuka akaizima, kama kawaida yake, kisha akatoka uani kushona chandarua chake cha kuzuia kuku. Tangu wamzike binti yao wa pekee, maneno ya nyumba hiyo yalikuwa machache, na hayo machache yalihusu chumvi na kufunga mlango.

Profesa alifika maabara akiwa amechoka hata kabla ya kazi. Mezani ilimsubiri makala isiyo na jina la mwandishi. Ndivyo jarida lao linavyofanya: makala hupelekwa kwa mtaalamu aisome bila kujua ni ya nani, na asipoipitisha, haichapishwi. Kwa wadudu gamba, mtaalamu alikuwa yeye tu. Kila mtu alilijua hilo.

Makala ilimhusu mdudu wake, gamba la kijivu linalojibandika kwenye matawi ya mpera na kufyonza utomvu. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba ni spishi mpya, na mwaka ule wa msiba akampa jina la binti yake ili lisipotee. Halikupotea kweli. Wakulima walilidaka, na sasa lilitajwa kila penye pampu ya dawa, hata redioni.

"Mwanangu wanampulizia sumu," mumewe aliwahi kusema, mara moja tu.

Mwandishi alikuwa amefanya jambo rahisi mno. Aliwatoa watoto wa mdudu huyo kwenye mpera, akawahamishia kwenye mlimau, akaifunika miti yote miwili kwa wavu. Walipokua, hawakutofautiana hata chembe na mdudu wa malimau anayejulikana tangu enzi za mababu. Kumbe ni mti tu uliowabadilisha sura. Na wakishakuwa mdudu mmoja, sheria ya fani ni kwamba jina lililotangulia ndilo linalobaki. La binti lingefutwa.

"Huyu ni yule mwenzangu wa chuo cha pili," alimwambia fundi wa maabara. "Ananiwinda siku nyingi. Ameona nimechoka, anakuja kumalizia."

"Si uikatae tu, mama? Nani atajua?"

Angeweza, na alitamani. Badala yake aliinamia darubini, akavipitia vioo vya mwandishi, vilivyoletwa pamoja na makala vikiwa na wadudu waliobandikwa, kimoja kimoja mpaka macho yakamchonyota, akitafuta tundu moja tu, unywele mmoja tu, wa kumwokoa mwanawe. Hakuuona. Mwandishi, awe nani, alikuwa na mkono wa kazi: kila mdudu amelazwa sawasawa, kama walivyokuwa wakilazwa zamani mumewe alipokuwa hajastaafu hapo.

Aliandika kwamba makala ichapishwe, akatia sahihi. Kisha akalia, kwa sababu mtu hazoei kuzika, hata akimzika yule yule mara ya pili.

Alirudi nyumbani akijiuliza atamwambiaje baba wa mtoto. Alipoingia, redio ilikuwa ikitangaza dawa, na hakuna aliyeizima. Mumewe alikuwa uani, amekwisha kukikunja chandarua. Nyuma yake, ndani ya ndoo mbili kuukuu, ilisimama mimea miwili: mpera na mlimau.

"Umeipitisha?" aliuliza.