Simu Iliyojibu Salamu za Kalunguyeye

Kalunguyeye alichoshwa na salamu za asubuhi. Kanga mpenda habari alipopita akitangaza kwamba zimetoka simu zinazosalimia na kujibu zenyewe, yeye akawa wa kwanza kuitaka.

"Shoga, hata sauti yako inaiga!" alisema Kanga. "Wewe lala tu."

"Na mtu akija kunijulia hali?"

"Aje kufanya nini, na simu imeshamjibu?"

Wakacheka. Mwezi haukuisha, kila mnyama akawa na yake, na njia ya kwa Kalunguyeye ikaota nyasi.

Siku moja homa ikamwangusha, asiweze hata kujikokota hadi mtungini. Akaisikia simu ikimjibu jirani kwa sauti nyororo: "Niko buheri wa afya."

"Mwongo wee!" akafoka. "Waambie naumwa! Waambie nina kiu!"

Simu ikawaambia wote. Papo hapo zikaja sauti za Kanga, Pimbi na Sungura: "Pole sana, shoga. Tuko njiani."

Kalunguyeye akautazama mlango mpaka jioni. Hakuja mtu. Wenzake walikuwa wamelala, hawana habari. Simu zao ndizo zilizomjibu.

"Pole ya simu haichoti maji," akanong'ona, na hapakuwa na wa kumsikia ila simu.