Nyimbo zenye Jogoo

Kabla Mwanate hajaolewa, kijana wa jirani, Ndaro, alimpa kaseti ya nyimbo azipendazo za gitaa kavu, alizozirekodi uani kwao kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio. "Upande wa pili ni mtupu," alimwambia. "Tia zako, unirudishie."

Leo, nyumbani kwa mumewe, wifi yake aliisikiliza akaangua kicheko. "Wifi, nyimbo gani hizi, kila wimbo una jogoo?"

Mwanate alitabasamu tu. Jogoo yule alimjua. Alikuwa akiwawikia yeye na Ndaro kila walipokaa kupiga soga. Wifi alipotoka, Mwanate aligeuza kaseti, akabonyeza kitufe chekundu. Nyimbo alikuwa nazo tele, ila alikiinamia tu kinasa sauti. Kaseti ikazunguka ikinasa pumzi zake, mpaka jogoo wa ukweni alipowika.